Maji ya Kwanza

Zamda, usiniletee mkasi bado.
Hariri hii haijaonja maji,
na kitambaa kisichoonja maji hakijasema ukweli.

Weka beseni hapa barazani, lile la plastiki;
la bati lina kutu, na kutu haiombi radhi.
Chota maji ya mvua, yale ya pipa chini ya mchirizi.
Ya kisima chetu hapa Ngamiani
yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi.
Sabuni ya unga, hapana. Inakula hariri
kama mchwa alavyo mlango.
Tone la shampuu ya bibi yako, basi.
Hariri nayo ni nywele, nywele za mdudu,
ioshe kama unaosha kichwa cha mtoto:
usisugue,
usikamue,
usiongee sana.

Iache ielee.

Maji yakigeuka waridi kidogo, usishtuke,
kila rangi ina la kutapika mara ya kwanza.
Suuza. Suuza tena. Maji ya mwisho tia siki,
kijiko kimoja, irudi kung'aa.
Kisha itandaze juu ya taulo, uvingirishe
kama mkeka baada ya hitima,
ubonyeze kwa viganja.
Na uanike kivulini. Jua la saa sita la Tanga
huchukua rangi bila kubisha hodi.

Kesho, ikiwa bado na unyevu wa mbali,
tutaipiga pasi kwa ndani, pasi ya uvuguvugu.
Ndipo tutapima. Ndipo mkasi.
Sindano namba tisa, mpya, itolewe kwenye karatasi yake.
Pini zikae ndani ya upindo tu,
maana tundu la pini kwenye hariri
halizibiki.

Unauliza nilijifunzia wapi.

Barabara ya Kumi na Tano, chumba cha mbele,
cherehani ya miguu, mwaka wa harusi ya shemeji yangu.
Nilimshonea bibi yako gauni, hariri ya zambarau,
yadi nne na nusu, malipo ya kaptula ishirini za shule.
Nililikata usiku uleule.
Nilikuwa fundi, nani wa kunifundisha?
Mishono yote ya kuficha, matundu ya vifungo kwa mkono.
Likamkaa Mwanatumu kama ganda la kitunguu,
watu wakamtazama yeye wakamsahau bibi harusi.

Akalivaa mara moja. Akalifua.
Likarudi vidole vitatu juu ya kifundo,
kwapani likamkaba.
Akasimama mbele ya kioo cha kabati, akajishika kiuno:
"Nimenenepa, Fundi."
Nami, Mungu ananiona, nikasema,
"Kidogo."

Kidogo! Miaka thelathini na moja neno hilo
limekaa hapa kama pini niliyoisahau mdomoni.
Akaacha maandazi. Akaacha chai ya maziwa.
Rajabu nzima akala mchicha,
na mimi nikapiga pasi suruali za watu.

Nasema polepole asisikie,
lakini cherehani imekula masikio yangu,
sijui tena polepole ni ipi.
Ungo umenyamaza huko ndani.

Huyo anatoka, na kopo la vifungo.
Anachokora. Anachokora. Anatoa uzi,
uzi wa zambarau wenye mafundo mawili.
"Hili, kabla sijalifua. Hili, baada."
Kati ya fundo na fundo, vidole vitatu.

"Ulijua?"
"Nilipima kabla sijaenda kwenye kioo."
"Na mchicha?"
"Mchicha naupenda. Siki iko juu ya friji,
usiende kununua nyingine."

Akarudi kwenye mchele wake.

Wewe umeinama juu ya beseni, Zamda, hucheki, unajizuia.
Hariri imezama upande mmoja;
upande wa pili kuna puto la hewa linakataa kushuka,
nawe unalibonyeza kwa kidole kimoja,
taratibu,
kama nilivyokuambia.